Taa Ndani ya Kabati

Ofisini kwangu, Ngamiani mjini Tanga, kuna kabati la mbao ambalo ndani yake taa huwaka usiku na mchana. Ni balbu ya zamani ya waya, wati 15, ile inayounguza ukiigusa. Balbu za kisasa hazinifai maana hutoa mwanga bila joto la kutosha. Mteja mgeni akiona nuru inavuja kwenye upenyo wa mlango huniambia nimesahau kuizima. Sijasahau. Hewa ya bahari ina unyevu, na unyevu huotesha ukungu juu ya kioo cha lenzi. Huanza kama vinyuzi vyeupe, mithili ya utando wa buibui, kisha hutoa asidi inayokula tabaka la juu la kioo. Hali ikishafika hapo, hakuna fundi wa kuirudisha. Lile joto dogo la balbu hukausha hewa ya kabati, na hivyo lenzi zangu zimedumu. Ya kwanza kabisa, niliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima, haikudumu, kwa kuwa niliifungia kwenye begi lenye unyevu nikadhani nimeitunza.

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii huja kuniuliza kamera gani wanunue. Nawaonyesha kabati. Kushika kamera mtu hujifunza kwa miezi michache, na kuediti kwa mwaka mmoja wa bidii. Kinachofunga ofisi za watu ni kupoteza. Fundi cherehani akiharibu suti atanunua kitambaa kingine ashone upya. Mpishi akiunguza pilau la mchana, la jioni bado linawezekana. Sisi tunauza kitu ambacho kikiharibika hakina pa kurudiwa, kwa sababu siku yenyewe imepita. Bibi harusi hataolewa tena Jumamosi ijayo kwa kuwa mimi nilikosea. Bei ninayotaja, msaidizi ninayemchukua, saa ninayofika ukumbini, vyote navipanga kwa kuanzia hapo.

Nilijifunza kwa kumkosea mtu. Ilikuwa ndoa ya Kiislamu, nyumbani kwa mzazi wa bibi harusi, wanaume wamekaa kwenye mikeka barazani. Wakati huo nilikuwa na kamera moja ya picha za mnato inayorekodi pia video, aina iliyoenea sana baada ya Canon kutoa EOS 5D Mark II mwaka 2008. Picha zake zilikuwa nzuri kupita kamera zote nilizowahi kushika. Shehe alipoanza hotuba nami nikaanza kurekodi, nikaacha kamera iende. Alitoa mawaidha marefu, mazuri, ya haki za mke na subira ya mume. Kisha akamgeukia baba mzazi, baba akamshika bwana harusi mkono, akatamka kumwoza binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Bwana harusi akajibu: nimekubali. Mimi nilikuwa namtazama usoni, kijasho kinamtiririka, nikifurahia jinsi mwanga wa mlangoni ulivyomwangukia. Nilipoinamia kioo cha kamera, alama nyekundu haikuwepo. Kamera ilikuwa imeacha kurekodi yenyewe muda kidogo kabla.

Kamera nyingi za aina ile zilikoma zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Chanzo chake wala si ufundi. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kamera inayoweza kurekodi mfululizo nusu saa au zaidi, kwa kuihesabu kuwa kamera ya video, na watengenezaji wakaamua kuzikata sekunde moja kabla. Kanuni ya forodha ya Ulaya ikaja kukata ndoa ya watu Tanga. Ingawa hivyo, kosa lilikuwa langu. Habari ile ilikuwa kwenye kitabu cha maelekezo, nami sikukisoma.

Ndoa nzima, mapambo yake, chakula chake, magari na matarumbeta, vyote vimesimama juu ya neno moja, "nimekubali", linalotamkwa kwa sekunde moja. Nilikuwa na saa sita za picha na neno hilo sikuwa nalo. Nilikwenda kwa baba wa bibi harusi siku ya pili yake asubuhi, kabla hajaniuliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamweleza bila kuzunguka. Alinyamaza kitambo, akasema, "Afadhali umekuja mwenyewe." Akawapigia simu waliohudhuria, mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya nguzo alikuwa amerekodi kwa simu. Picha yake ilionyesha migongo ya watu na kipande cha dari, lakini sauti ilisikika. Niliichukua sauti ile nikaiweka juu ya picha za mikono na nyuso nilizopiga dakika chache kabla. Nilirudisha nusu ya fedha, na familia ile imeniita harusi mbili nyingine baadaye. Sijui kama wangeniita iwapo wangegundua wenyewe.

Tangu siku hiyo siendi popote na kamera moja. Ya pili husimama kwenye stendi, pana, inaona watu wote, hata kama hakuna anayeishughulikia. Sauti naichukua mara tatu: maiki ndogo kwenye kanzu au koti la bwana harusi, kinasa sauti kilichounganishwa na mikisa ya mwenye muziki, na maiki ya kamera yenyewe kwa dharura. Anayeanza mwenye fedha kidogo nitamwambia anunue kinasa sauti kabla ya lenzi ya pili. Picha yenye giza watu huivumilia. Kiapo kisichosikika hawatakisahau.

Kadi za kumbukumbu zina hesabu yake, na hesabu hii mtu aifanye nyumbani, asiifanye ukumbini. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hula kama gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita ni gigabaiti 270. Kadi moja ya 128 haifiki mbali, na mtaani zinauzwa kadi zilizoandikwa 128 ambazo kwa ndani hazina hata robo yake. Kadi ya namna hiyo hukubali kurekodi bila kulalamika, huku inafuta ya mwanzo au inaandika hewani. Kila kadi mpya naijaza kwanza kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huandika hadi kadi ijae kisha huisoma yote kuona kama kilichoandikwa kimo. Huchukua saa kadhaa. Mwenye duka akikataa nirudishe kadi iliyoshindwa jaribio hilo, sinunui tena kwake.

Kuhusu taa za ukumbini nitasema moja tu: umeme wetu ni hezi 50, basi spidi ya shata iwekwe 50 au 100, la sivyo taa zitacheza kwenye picha kama mawimbi. Mengine mtaelewana na mpambaji.

Sasa fedha. Bara, harusi nyingi huendeshwa na kamati. Kuna mwenyekiti, katibu na mhazini, kuna kadi za michango, kuna ahadi. Wewe mpiga video ni mstari mmoja kwenye bajeti, chini ya chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, na ahadi zisipotimia mstari wako ndio huguswa mwanzo. Kisha kuna jambo ambalo mgeni katika kazi hii halijui hadi limkute. Harusi ikiisha, kamati huvunjwa. Watu hukutana, hula, hucheza, hupongezana, na kuanzia usiku ule mdaiwa wako hayupo tena duniani. Mwenyekiti atakwambia muulize mhazini, mhazini atakwambia hesabu zimefungwa, maharusi watasema wao hawakushika fedha. Wote watakuwa wakisema kweli.

Kwa hiyo nusu hulipwa siku ya kuandikiana, na baki hulipwa kabla sijafungua begi ukumbini. Mwanzoni niliona haya kudai fedha mbele ya watu waliovaa vizuri. Nikagundua aibu yenyewe hutokea pale mtu anapodaiwa bila kuambiwa mapema. Nikamkabidhi mhazini karatasi yenye tarehe mbili na kiasi cha kila tarehe, hanuni. Mara nyingi ni yeye anayenikumbusha, kwa sababu naye anataka kufunga daftari lake.

Bei naipiga kwa njia ambayo mafundi gereji waliijua kabla yangu. Tuseme kamera, lenzi na maiki vimegharimu shilingi milioni 6, na vitafanya kazi ya kuaminika miaka mitatu. Kama kwa mwaka unapata harusi 40, hizo ni harusi 120. Kila harusi inakula shilingi 50,000 za vifaa kabla hujalipa msaidizi, nauli, umeme, pango na siku nne au tano za kuediti. Anayekubali harusi kwa laki moja na nusu ili amnyang'anye jirani mteja anauza kamera yake vipande vipande bila kujua. Atafurahi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu utamkuta anaazima.

Hizo harusi 40 nazo haziji kwa mpangilio. Ramadhani Waislamu hawafanyi sherehe za ndoa, Kwaresma Wakatoliki na wengine hawafungi ndoa. Mwaka 2025 vipindi hivyo viwili vilianza karibu pamoja, mwanzoni mwa Machi, na ofisi za video zikapata mwezi mkavu kuliko kawaida. Baada ya Idi na Pasaka watu wakagombea Jumamosi. Biashara hii lazima iwe na mguu wa pili. Wangu ni kwaya na shule. Kwaya za Lushoto na Korogwe hutaka nyimbo zao zirekodiwe video milimani, na hawaogopi kuamka saa kumi za usiku kuwahi ukungu. Shule zina mahafali, hasa kuanzia Septemba. Kazi hizi hulipa kidogo, lakini hulipa katika miezi ambayo harusi hazipo, nami nimemlipa msaidizi wangu mshahara wa Kwaresma kwa fedha ya kwaya mara nyingi.

Kuna kazi moja ambayo siwezi kuifanya kabisa, na nimeijengea chumba ofisini.

Katika mwambao, harusi ina sherehe ya wanawake peke yao. Mombasa wanaiita kupamba. Bibi harusi hukaa jukwaani amepambwa hina na dhahabu, taarabu inapigwa, wanawake wamevua mabuibui wamevaa nguo ambazo hakuna mwanamume wa nje anayepaswa kuwaona nazo. Simu hukusanywa mlangoni. Nilipokuwa mchanga wa kazi nilidhani ni kazi ya kukataa tu, mpaka siku alipokuja shangazi wa bibi harusi mmoja.

"Shikamoo shangazi, karibu."

"Marahaba. Nimeambiwa una binti anayepiga video."

"Ndiyo, shangazi. Ni msaidizi wangu, amefundishwa hapa hapa."

"Atakayepiga ni yeye, nimeelewa. Je, kompyutani anakaa nani?"

Nilikaa kimya. Aliyekuwa akikaa kompyutani ni mimi.

"Basi kazi umeifanya nusu, mwanangu," alisema, akainuka.

Niliipoteza kazi ile, na alikuwa na haki. Nilimfundisha yule binti kuediti, miezi saba. Chumba cha nyuma kikawekwa kitasa ambacho ufunguo wake anao yeye. Kompyuta ya humo haijaunganishwa na intaneti. Yeye ndiye anayepiga, anayeediti, anayekabidhi diski mkononi mwa mwanamke aliyetajwa kwenye mkataba, na anayefuta mbele yake kama mwenyewe ametaka zifutwe. Mimi sijawahi kuona hata fremu moja. Leo sherehe za wanawake ni sehemu kubwa ya mapato yetu, na binti yule ni mshirika mwenye hisa. Sikuona njia nyingine ya haki, kwa kuwa imani ya wateja wale wameiweka kwake.

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, na sura ya mtu aliyerekodiwa huingia humo. Mikataba yetu ina mstari unaouliza kama tunaruhusiwa kuonyesha kipande chochote mtandaoni. Wengi huandika hapana, nasi hatubembelezi. Na anayeweka video ya harusi YouTube akiwa amepachika wimbo wa Bongo Fleva ajue kwamba mashine ya kule huutambua. Tangazo likipita, fedha huenda kwa mwenye wimbo, au video hufungwa. Hakimiliki kwetu ina sheria tangu 1999 na ina ofisi yake, COSOTA. Mwanamuziki naye amepoteza usiku wake kutengeneza alichotengeneza.

Wateja wa sasa wanataka kipande kifupi, cha kusimama wima, kiingie kwenye simu usiku ule ule kabla keki haijakatwa. Tunawapa. Kijana mmoja hukaa nyuma ya jukwaa na kompyuta mpakato, anakata na kutuma. Ni kazi halali, na imetuletea wateja. Lakini nawagombeza wasaidizi wangu wakianza kupiga harusi nzima kwa ajili ya kipande hicho, kamera ikimzunguka bibi harusi tu kana kwamba ukumbini hapakuwa na mtu mwingine. Amri yangu ni moja: kabla chakula hakijaliwa, pita kila meza. Simama sekunde kumi kwa kila mzee. Usimwombe atabasamu wala asimame. Mwache aendelee kuongea.

Amri hiyo ilitokana na watu wanaobisha mlango wangu wakiwa na msiba. Mtu amefariki, na watoto wake wanakumbuka kwamba alikuwepo kwenye harusi ya fulani miaka minne iliyopita. Wanauliza kama ninazo. Wana picha zake za mnato, za kitambulisho na za sikukuu. Wanachotafuta ni jinsi alivyokuwa akiinua kikombe, akicheka, akimwita mjukuu. Nimekaa na mwanamume mzima aliyeangalia sekunde kumi na mbili za mama yake akichambua mwiba wa samaki, akairudia mpaka nikaona nimpishe chumbani. Hakuna kwenye mkataba mstari unaonilazimu kutunza picha ghafi baada ya kukabidhi kazi. Natunza.

Ni gharama, nami naiweka ndani ya bei. Diski ngumu si jiwe. Huzunguka, huchoka, na baada ya miaka mitatu hadi mitano huanza kuiaga dunia, mara nyingi bila kuaga. Kila harusi ina nakala tatu: moja kabatini kwenye ile taa, moja kwenye kompyuta, moja Korogwe kwa kaka yangu, mbali na chumvi ya bahari na mbali na moto wowote unaoweza kuunguza mtaa wangu. Kila Januari nafungua diski zote na kuhamisha za zamani kwenye mpya. Kazi hiyo hunichukua wiki mbili na hailipwi na mteja yeyote.

Kwenye rafu ya chini ya kabati hilo mna kanda za watu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilianza miaka ya 1970, na kwa familia nyingi za huku sura za kwanza za nyumbani kuziona kwenye kioo zilikuwa za harusi, zimepigwa kwa kanda za VHS. Sasa deki zimekufa. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuziunda, iliacha Julai 2016. Ninazo mbili, moja nainyofoa vipuri kuilisha nyingine. Kanda huhamishwa kwa mwendo wake wenyewe: ya saa tatu huchukua saa tatu, hakuna kuharakisha. Zenye ukungu mweupe kwenye kingo nazifungua kasha, nazisafisha polepole, kisha narekodi tangu mzunguko wa kwanza kabisa, kwa sababu huenda usiwepo wa pili. Zinazotoka kwa ndugu walioko Muscat hukubali deki zangu, maana Oman na sisi tulitumia mfumo mmoja wa PAL. Za Marekani ni NTSC, na hucheza picha zikiporomoka.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Pangani na kanda ya 1993, harusi ya dada yake, ameifunga kwenye khanga. Sikumwambia aiache aje kesho. Siku hizi nawaomba wakae, nami nakaa pembeni na daftari, nikiuliza kila uso unaopita ni wa nani. Umeme ulicheza mara mbili, betri ya akiba ikashika. Tuliandika majina thelathini na moja, pamoja na ya watoto watatu waliokuwa wakipita mbele ya kamera makusudi. Mmoja wao alikuwa yeye.

Kanda ilipofika mwisho, deki ikaanza kujirudisha nyuma yenyewe. Alibaki bila jina mzee mmoja mwenye kanzu ya kahawia, aliyekaa karibu na mlango, mkono juu ya bakora, ambaye alionekana mara nne na mara zote alikuwa akiimba. Mama alimpigia dada yake Muscat, akamweleza kanzu, bakora na mahali alipokaa. Dada hakumkumbuka. Nikaandika "mzee wa mlangoni". Mama akalitazama daftari, akaniomba niache nafasi tupu mbele ya maneno hayo. Kesho yake alikuwa anarudi Pangani, na kule bado yuko shangazi yao mmoja wa kuulizwa.